Kadi Hewa Iliyopima Miwa

Vijana wangu, nasikia mnasema kazi yetu ilikuwa rahisi. Mmoja wenu aliniambia hivyo uso kwa uso pale Mamboleo, ameshika simu yenye nguvu kuliko seva zote nilizowahi kuhudumia. "Mama Rose, zamani hamkuwa na wingu, hamkuwa na kontena. Mlikuwa mnafanya nini siku nzima?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunakunywa chai. Akatikisa kichwa kwa heshima, na nadhani aliamini.

Basi kaeni, niwaambie tulikuwa tunafanya nini kati ya kikombe na kikombe.

Nilihudumia mtandao wa kompyuta katika kiwanda cha sukari, upande ule wa miwa ukitoka Kisumu kuelekea Muhoroni. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu baadhi ya waliokuwa wakubwa wangu bado wako hai, tena wana afya nzuri ya kushtaki watu. Nilianza nikiwa msichana mwenye cheti kipya, nikastaafu nikiwa na miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kutafutia ile ya kwanza.

Nianze na kitu mnachokitumia kila siku bila kukiamkua. Kompyuta ina kadi ya mtandao, pale kwenye kitundu mnachochomeka waya. Kitundu kimoja, kadi moja. Lakini Linux, mfumo ulioendesha mashine zetu, haikubali kupangiwa maisha na kitundu. Unaweza kuiambia ijifanye ina kadi nyingine, au kadi kumi, ambazo huwezi kuzishika wala kuzipangusa vumbi, na kila moja ikawa na anwani yake kwenye mtandao. Vitabu vinaziita kwa majina ya heshima. Sisi pale kiwandani tuliziita kadi hewa, maana wafanyakazi hewa tulikuwa tumeshawazoea. Tofauti ni kwamba kadi hewa hufanya kazi.

Aliyenifundisha kuziunda ni Mzee Makokha, fundi wa simu kutoka Busia. Mitambo ya simu ya kiwanda ilipouzwa kama chuma chakavu, yeye hakununuliwa pamoja nayo, hivyo wakamhamishia idara ya kompyuta. Nilimuuliza kadi moja inawezaje kuwa na anwani mbili. Hakufungua kitabu.

"Rose, zamani laini moja ya simu ilikuwa inaingia nyumba kadhaa," aliniambia. "Ikilia hivi, ni ya mwalimu. Ikilia vile, ni ya padri. Waya ni ile ile. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Na ikilia ya padri, bibi ya mwalimu pia anainua, asikie padri anaambiwa nini. Hiyo utaelewa tukifika kwa usalama wa mtandao."

Mzee aliandika amri zake kwa vidole viwili: ifconfig, kisha jina la kadi, nukta mbili, namba. Ndiyo ilikuwa njia ya wakati ule. Amri mpya ya ip ilipoingia alinuna kwa muda, halafu siku moja akaniita amefurahi kama mtu aliyeongezewa chaneli za televisheni, kwa sababu amri hiyo ilimruhusu kuipa kila anwani jina la kueleweka. Tangu hapo hakuna kadi hewa iliyotoka mikononi mwake ikiitwa namba tupu. "Namba haimwambii kitu mtu atakayekuja nyuma yako," alisema. "Ataifuta tu, aende lunchi." Nyinyi mnaoacha mashine za watu zikiwa na kadi zinazoitwa test1, test2 na test2mpya, nawaombea.

Na kwa kuwa tumetaja dhambi, kuna mwenzetu mmoja, simtaji kwa sababu sasa ana ofisi Nairobi yenye zulia. Alikuwa akirekebisha mashine iliyoko Bondo akiwa ameketi Kisumu. Aliingia kwa mbali, kupitia kadi ya mashine hiyo, ambayo ilikuwa ya pekee. Akaona kadi haijatulia, akaamua kuizima ili aiwashe upya. Kuizima alifaulu kabisa. Kuiwasha ndiko kulikomshinda, maana mlango alioufunga ndio aliokuwa ameingilia. Alisafiri mpaka Bondo kwenda kuandika neno moja, up, kisha akarudi. Nyumbani alisema alikuwa semina. Mkiwa mbali na mashine, wekeni amri ya kuzima na ya kuwasha kwenye mstari mmoja ndipo mbonyeze. La sivyo, ulizeni mapema nauli ya Bondo.

Sasa niwaeleze msimu wa radi.

Upande ule radi hupiga bila kubembeleza. Ilipiga alasiri moja, ikapitia kwenye waya mpaka chumba cha seva, na kati ya vyote vilivyokuwamo, vikiwemo vile ambavyo tungefurahi viungue, ikachagua seva ya mizani.

Mizani ilikuwa getini. Kila lori na kila trekta la miwa lilipanda juu yake, kompyuta ya kwenye kibanda ikasoma uzito na kuutuma kwa seva, seva ikaangalia kama mkulima ana kibali cha kuvuna, ikajibu, na tiketi ikatoka. Bila jibu hakuna tiketi, na bila tiketi huingii. Programu ya kibanda ilikuwa imeandikwa na kampuni iliyokwisha kufungwa zamani. Ilijua anwani moja tu katika dunia hii, 192.168.7.20, anwani ya seva iliyoungua, na hapakuwa na mtu hai aliyejua mahali pa kuibadilishia.

Kwa hiyo geti lilisimama. Foleni ya matrekta ikatoka nje ya uzio, ikashika barabara. Wengine wenu mmekulia mjini mnadhani miwa ikishakatwa inatulia kama mbao. Haitulii. Inakauka juani, inapungua uzito, na mkulima analipwa kwa uzito. Iliyoungua moto ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inachacha. Ukipita karibu na trela yake unaisikia kwa pua kabla hujaiona.

Trela ya namna hiyo ilikuwa ya Mama Perez Akinyi, mjane mmoja wa huko chini bondeni. Moto ulitoka shamba la jirani ukaramba miwa yake. Kesho yake baada ya radi, ofisi ya kilimo ilimpa kibali cha dharura, akakodi trekta, akapakia, akaja kupanga foleni. Hakumwachia dereva. Aliketi juu ya bati la gurudumu, mwavuli mkononi, na kila mfanyakazi wa kiwanda aliyepita alimsalimia na kumuuliza swali moja: "Mmefika wapi?" Aliuliza kana kwamba sisi ndio tuliokuwa safarini. Mama yangu pia alinisomesha kwa miwa. Nilianza kupitia geti la nyuma ili nisikutane na mwavuli ule.

Meneja wetu, Bwana Onditi, alifanya kile alichokijua vizuri kuliko watu wote wa mkoa ule: aliitisha kikao. Kikao kikafunguliwa kwa maombi. Bwana Onditi mwenyewe aliomba, akamkumbusha Mungu kirefu kuhusu seva mpya aliyoiweka kwenye bajeti na ikakatwa, na nadhani alitaka iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tulipofumbua macho, nikaomba nafasi.

"Bwana Meneja," nikasema, "ile mashine ya Linux tunayonakilia data ya mizani iko salama. Programu ya kupokea uzito imo, na vibali vya wakulima vinaingia kila asubuhi. Kinachokosekana ni ile anwani tu. Ina kadi moja, na ina anwani ya ofisi. Tuiongezee kadi hewa yenye anwani ya seva iliyokufa. Kibanda kitauliza, mashine itajibu, miwa itaingia."

"Hiyo inachukua muda gani?"

"Mstari mmoja."

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Jambo lililosimamisha kiwanda kizima kumalizwa na mstari mmoja lilikuwa ni kukosa adabu.

"Rose, hiyo ni mabadiliko ya mfumo," akasema. "Mabadiliko lazima ipitie Kamati ya Mabadiliko."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mzee Makokha, ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini na hakuwa anaogopa tena hata kivuli, akakohoa. "Bwana Meneja, nielimishe. Nikiandika amri kwa mkono, bila kugusa faili yoyote, na mashine ikizimwa inasahau kila kitu, hiyo pia ni mabadiliko?"

Bwana Onditi aliinamisha kichwa akawaza. "Kama haijaandikwa mahali popote," akasema polepole, "hiyo ni majaribio."

"Basi tunajaribu," akasema Mzee, tukatoka kabla hajawaza zaidi.

Nilimtuma kwanza Mzee aulize mtandao kama kuna mashine nyingine inayojibu kwa anwani ile, maana hilo ndilo jambo la kwanza. Msimpe mtu jina kabla hamjahakikisha mwenye jina hayupo. Hakuna aliyejibu. Ndipo nikaandika, eth0 ikiwa ndilo jina la kadi halisi:

ip addr add 192.168.7.20/24 dev eth0 label eth0:mizani

Nikabonyeza. Hakukuwa na taa wala mlio. Kadi hewa huja hivyo, haibishi hodi. Halafu simu ikalia. Alikuwa Lilian, karani wa mizani, anapiga kelele mpaka Mzee akamsikia bila mimi kutoa simu sikioni.

"Imejibu! Mama Rose, imejibu! Tiketi imetoka!"

Nje, matrekta yakaanza kunguruma.

Ningeishia hapo, mngeona mimi ni shujaa. Lakini mnakumbuka kwamba tulikuwa tunajaribu. Amri iliyoandikwa kwa mkono hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, na stima ya upande ule mnaijua tabia yake. Stima ilipotea, jenereta ikaamka kwa hatua zake za mzee wa kanisa, mashine ikajiwasha upya, na kadi yetu ikawa haijawahi kuzaliwa. Lilian akapiga simu. Nikaandika tena ule mstari. Foleni ikasogea kidogo, stima ikapotea tena. Nikaandika tena. Betri ya kukinga mashine dhidi ya mambo hayo ilikuwepo, na ilitumika kuzuia mlango wa chumba cha seva usijifunge.

Kuiandika kadi kwenye faili, ili iamke yenyewe kila mashine inapoamka, kungekuwa mabadiliko. Hivyo mfanyakazi mmoja wa kiwanda, mwenye uzoefu na pensheni njiani, aliwekwa kwenye kiti mbele ya kibodi ili aandike mstari ule ule kila stima inaporudi. Huyo kijana wa Mamboleo asikie vizuri: hapo ndipo nilipokuwa nakunywa chai.

Asubuhi iliyofuata, zamu ya Mama Perez ilikaribia. Stima ilikuwapo. Kadi ilikuwapo, nimeitazama kwa macho yangu, eth0:mizani, imenyooka. Malori yalikuwa yakipita. Ndipo Lilian akapiga simu, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mama Rose, njoo. Njoo wewe mwenyewe."

Nikachukua laptopu, nikaenda getini. Trekta la Mama Perez lilikuwa juu ya mizani. Kwenye kioo cha kompyuta ya kibanda, uzito ulionekana vizuri, na chini yake maneno mawili: MKULIMA HAJULIKANI.

"Lori lililomtangulia?" nikamuuliza Lilian.

"Limepita sasa hivi. Hii ndiyo inakataa. Na wewe unajua sheria, ikikataa inarudi mwisho wa laini."

Mama Perez alikuwa ameshuka kutoka kwenye bati lake, amesimama dirishani, mwavuli umefungwa. Alikuwa ameyasoma yale maneno.

"Mimi ndio sijulikani?"

"Mama, ni mashine tu," nikasema.

"Yawa! Hii kiwanda ilikuja kwangu, kwa boma, kuniomba nipande miwa. Mzee wangu akiwa hai. Gari yao ilikwama kwa matope, tukaisukuma. Njia ya kwangu walijua. Leo ndio hawanijui?"

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele ningejua la kufanya, tumefundishwa kuita askari. Nyuma yake trela ilikuwa inanuka kama pombe ya siku ya pili, na dereva alikuwa ameshaanza kugeuza usukani.

"Zima trekta," nikamwambia dereva. "Usishuke kwa mizani."

"Mama Rose, nyuma wananipigia honi."

"Wapige."

Nikaichomeka laptopu kwenye swichi ya kibanda, kile kisanduku kinachokutanisha nyaya za mtandao, nikaipa yenyewe kadi hewa ya muda ili iongee lugha ya mtaa ule, kisha nikatumia arping. Nyinyi vijana mnaipuuza amri hii kwa sababu haina rangi. Kazi yake ni kuuliza mtandao mzima: nani hapa anaitwa 192.168.7.20? Na anayejibu hujibu kwa namba ya kadi yake halisi, ile iliyotiwa ndani yake ilipotengenezwa, ambayo hakuna mbili zinazofanana.

Yalikuja majibu mawili. Namba mbili tofauti.

Simameni katikati ya soko la Kibuye siku ya Jumapili muite "Otieno!" Mtaona wanaume wangapi watageuka. Sasa fikirini umetumwa kumpa Otieno mzigo, na unampa yeyote anayegeuka kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kile kibanda. Ikijibu mashine yangu, mkulima anapita. Akijibu yule Otieno wa pili, mkulima hajulikani.

Nikampigia Mzee Makokha, nikamsomea namba ya kadi ya pili.

"Isome tena."

Nikaisoma.

"Rose, hiyo kadi naijua. Niliiweka mimi mwenyewe kwa ile seva. Hiyo ni marehemu."

"Marehemu anajibu, Mzee."

"Ngoja." Nilimsikia akifungua kabati la swichi, akifuata nyaya kwa kidole, akinong'oneza namba za vitundu. Kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Amefufukia kwa ofisi ya meneja."

Nilivuka uwanja wa kiwanda kwa mwendo ambao magoti yangu yananidai mpaka leo. Bwana Onditi alikuwa mezani kwake, amevaa tai. Chini ya meza, kati ya viatu vyake, seva ya mizani ilikuwa inavuma, imefunikwa gazeti. Aliitoa kwa siri ikapelekwa kwa fundi mjini, ikabadilishwa vipande vilivyoungua, akaichomeka mwenyewe asubuhi ile. Iliamka na anwani yake ya zamani, na vibali vya zamani, vya hadi siku ya radi. Waliopewa kibali kabla ya radi iliwajua. Mama Perez alipewa kesho yake.

"Bwana Meneja, hiyo mashine inagombana na ile nyingine. Kuna trekta imekwama kwa mizani."

"Rose, funga mlango kwanza." Akashusha sauti, na ndipo nikaona kwamba alikuwa na hofu. "Mkurugenzi anakuja saa nane. Nimemwahidi ataikuta seva yake inafanya kazi. Wameniambia nikishindwa na hii, idara inapewa mtu mwingine. Wacha ikae tu mpaka saa nane. Hiyo trekta moja irudi nyuma kidogo."

Nilimhurumia, nakiri. Alikuwa na watoto shuleni kama sisi sote. Lakini nilikuwa bado naisikia ile harufu kwenye nguo zangu.

"Hiyo trekta moja ina mtu," nikasema.

Nikainama chini ya meza yake, mama mzima na sketi yangu ya kazini, nikamwomba asogeze mguu, akausogeza, nikachomoa waya. Nilipoinuka alikuwa anaangalia viatu vyake kama mtu aliyepotelewa na ndugu pale chini.

Sasa jambo moja ambalo mtalisahau mpaka liwaumize. Kuchomoa hakutoshi. Kibanda kilikuwa bado kinamkumbuka Otieno wa pili, na kingeendelea kumpelekea mzigo kwa muda. Lazima aliyebaki ajitangaze. Nikampigia Mzee: "Tangaza!" Akaandika arping na alama ya U kubwa, na mashine yetu ikatangazia mtandao mzima kwamba anwani ile ni yake. Nikapiga kibandani. Sikuhitaji kuuliza kitu. Nilisikia printa ya tiketi ikisaga meno, kisha trekta likiguruma, kisha Lilian akisema, "Pita, Mama. Pita, pita."

Kutoka hapo nilirudi kwenye mashine yetu nikafanya kosa lenyewe, lile la kweli. Nilifungua faili la mtandao, nikaandika kadi ya mizani humo, nikahifadhi. Kisha nikaiwasha mashine upya nikiwa nimesimama mbele yake, mchana kweupe, nikaiona kadi ikiamka bila mimi. Siku hizi mnaandika kwenye netplan, faili linalokasirika ukikosea nafasi moja kama mwalimu wa mwandiko, lakini jambo ni lile lile. Lililoandikwa kwa mkono huenda na stima. Lililo kwenye faili huamka nayo. Na mliwashe upya nyinyi wenyewe, msiiachie stima iwafanyie mtihani.

Saa nane mkurugenzi alifika, akaona matrekta yanaingia, akampa Bwana Onditi mkono. Bwana Onditi akaupokea.

Mwisho wa mwezi Kamati ya Mabadiliko ilikaa, mimi nikiwa ajenda. Tukaomba. Wakaniuliza kama ni kweli nilibadilisha faili la mfumo bila idhini. Nikasema ni kweli. Wakauliza kama mabadiliko hayo yana madhara. Mzee Makokha akajibu kwamba madhara ni kuwa mizani imefanya kazi tangu siku hiyo bila kukatika, na kwamba kama kamati inataka, anaweza kuyaondoa hapo hapo wakiwa wameketi. Hawakutaka. Walijadiliana, wakaamua mambo mawili. Kwanza, mabadiliko yameidhinishwa, na idhini ihesabiwe kuanzia siku ya radi. Pili, mimi nipewe barua ya onyo kwa kuyafanya kabla hayajaidhinishwa. Mtu mmoja aliuliza kama mambo hayo mawili hayapingani. Mwenyekiti akamwambia hilo halimo kwenye ajenda. Mwisho wa mwaka Bwana Onditi alipewa cheti cha kuokoa msimu, na nilimpigia makofi, kwa kuwa mguu aliusogeza.

Mama Perez alikuja ofisini siku aliyofuata malipo yake. Miwa ilikuwa imesagwa. Walimkata kidogo kwa kuchacha, akanung'unika, lakini ilisagwa. Hakuja kunishukuru, au kama alikuja kwa hilo hakuanza nalo. Alivuta kiti akaketi.

"Hiyo kitu ulirekebisha," akasema, "nataka kuiona."

Nikamwonyesha kioo. Aliweka kidole chini ya mstari, akausoma taratibu. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, Mama."

"Miwa yangu ililala barabarani sababu ya hii?"

"Ilikuwa inangoja kikao."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Halafu akaegemea mbele. "Sasa nionyeshe mahali najulikana. Hiyo jina yangu."

Tiketi zetu zilikuwa zinaandika namba ya mkulima peke yake, hivyo hakuwa amewahi kuliona. Nikatafuta kwa namba yake. Mstari ukatokea: namba, kijiji, ukubwa wa shamba, yote sawa. Na jina: PETER AKINYI.

Tuliliangalia pamoja. Mtu aliyemwandikisha hakuwa amesikia vizuri, au hakuwa amedhani kwamba mwenye shamba anaweza kuwa mwanamke, na kwa miaka yote hiyo kiwanda kilikuwa kikinunua miwa ya Peter.

"Kumbe mashine haikudanganya," akasema Mama Perez. "Kweli hawanijui."

Barua yangu ya onyo ilikuwa kwenye droo, wino haujakauka vizuri. Kubadilisha jina la mkulima kulikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na sahihi zake, na sahihi zilikuwa na kikao chao. Nilivaa miwani ya kusomea.

"Nitajie herufi, Mama," nikasema. "Moja moja."

Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono wake begani kwangu, akanitajia mpaka ya mwisho.